Lushoto kwa miguu na kwa baiskeli: mwongozo kamili wa njia za Usambara Magharibi

Ukimuuliza mtu wa Lushoto ukingo wa Irente ni mbali kiasi gani, atakujibu "hapo tu", na hatakuwa amekudanganya. Yeye huenda na kurudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Wewe uliyeshuka jana kwenye basi la Dar, hiyo "hapo tu" itakuchukua saa moja na nusu, pengine mbili, na njiani utapitwa na bibi wa umri wa mama yako amebeba kuni na bado ana pumzi ya kukusalimia. Ndiyo maana mwongozo huu hautaji sana kilomita. Milima ya Usambara hupimwa kwa saa, na kwa idadi ya mabonde unayoyashuka kisha ukalazimika kuyapanda tena.

Kuna jambo jingine la kulielewa kabla hujafunga kamba za viatu. Ukiacha chache za ndani ya hifadhi, njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za shambani, za mtoni, za shule, za gulio, za msikitini na kanisani. Usitegemee alama za rangi mitini wala vibao vya kuonyesha umebakisha kiasi gani. Kila kijia kinakwenda mahali, ila si lazima kiwe mahali unapotaka wewe. Nimewahi kufuata kijia kizuri, kimefagiwa, nikaishia jikoni kwa watu. Nilikaribishwa uji.

Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, mkoani Tanga. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya kimbilio la kukwepa joto la pwani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ya kwenda kupunga upepo mlimani ikawa nyepesi zaidi, na Waingereza walipokuja wakaiendeleza desturi ileile. Siku hizi wanaokuja ni mchanganyiko: Wazungu wenye mabegi mgongoni, vikundi vya makanisa, familia za Dar kipindi cha sikukuu, na vijana wa baiskeli wenye kofia ngumu ambao watoto huwakimbilia kana kwamba ni maandamano.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA MWEZI

Masika huanza Machi na kuishia Mei. Miezi hiyo usije kutembea, labda uwe unapenda kuanguka. Udongo wa huku ni mwekundu na mfinyanzi, ukilowa unakuwa sabuni. Kuna rafiki yangu anayeishi Uswisi, aliwahi kuniuliza kama mji wetu wa mlimani una mahali pa kuteleza kwenye theluji kama miji ya huko kwao. Nikamwambia theluji hatuna, ila aje Aprili, kuteleza atateleza mpaka achoke, tena bila kukodi vifaa.

Juni hadi Agosti ni kavu lakini ni baridi kweli. Usiku utataka blanketi mbili, na asubuhi msitu wa Magamba hufunikwa na ukungu ambao huenda usiachie hadi saa nne. Watu wa pwani huidharau baridi hii mpaka waikute. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba ndiyo kipindi ninachokipenda: njia zimekauka, baridi imelegea, vuli bado. Januari na Februari pia ni pazuri, jua lipo, na matunda ya vuli, hasa plamu na pichesi, huwa bado yanauzwa kwa ndoo pembeni mwa barabara. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hazina adabu maalumu. Unaweza kupata siku tatu za jua, ya nne ikaloa kuanzia asubuhi.

HATUA YA PILI: KUFIKA

Kutoka Dar es Salaam yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto, na kituo kikuu cha kupandia ni Magufuli, Mbezi. Panda la alfajiri, ufike mchana, ubaki na jioni ya kunyoosha miguu. Ukikosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha, ushuke Mombo, njia panda ya kupandia mlimani. Hapo utakuta haisi na magari madogo ya kujazana. Anayetoka Arusha au Moshi hupitia Same na kushuka Mombo vilevile. Wasomaji wa Kenya wana milango miwili: wa Mombasa wapite Horohoro, Tanga, Segera na Korogwe. Wa Nairobi wanaweza kupitia Taveta na Holili, kisha Moshi na Same.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba yenye kona juu ya kona, ikipitia Soni. Ni kama saa moja. Kama tumbo lako halipendi kona, usile chipsi mayai Mombo. Kula ndizi, keti mbele, tazama barabara. Wakati wa mvua kubwa mawe na udongo huporomoka kwenye kipande hiki, kwa hiyo uliza hali ya njia kwa madereva pale Mombo kabla hujapanda, hasa kama ni jioni.

HATUA YA TATU: MFUKO

Anza na viatu. Huhitaji viatu vya bei mbaya vya dukani. Nenda mitumba, Karume pale Ilala kama uko Dar, tafuta buti au raba yenye meno marefu na soli ngumu, namba moja zaidi ya yako. Nafasi hiyo ni ya soksi nene, na ya vidole wakati wa kushuka. Mtu anayevaa kiatu cha kubana Lushoto hupoteza kucha za vidole gumba siku ya pili, na si kwa kupanda, ni kwa kuteremka. Kivae wiki mbili nyumbani kwanza.

Sweta, koti la mvua jepesi, kofia. Ukisahau sweta, soko la Lushoto lina mitumba yake, na siku za gulio, yaani Alhamisi na Jumapili, utachagua mpaka uchoke. Fimbo usinunue wala usibebe kutoka mjini, utaokota au utachongewa. Chukua tochi ya kichwani kama unayo, na chaji ya akiba ya simu. Mtandao hupotea mabondeni na kurudi ukifika mgongoni mwa mlima, hivyo simu hutafuta mtandao muda wote na betri huisha upesi.

Maji: lita mbili kwa mtu kwa siku. Vijito ni vingi, vinang'aa, vinashawishi, lakini vingi vimepita kwenye mashamba ya mboga yanayopigwa dawa juu yako. Kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Fedha taslimu chukua za kutosha, za noti ndogo. Benki ziko Lushoto mjini. Ukishaingia vijijini utamtegemea wakala wa simu, na wakala naye ana siku zake za kuishiwa salio. Beba kitambulisho cha taifa, cha NIDA, pia, maana kwenye hifadhi kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na sura yako si ushahidi.

HATUA YA NNE: MWONGOZAJI, AMA HAPANA

Kwa Irente huhitaji. Kwa Magamba, ingawa njia kuu inaonekana, chukua. Kwa safari ya siku nyingi hadi kijiji cha Mtae, chukua bila ubishi.

Ila jinsi ya kumpata ndiyo kazi. Ukishuka tu stendi utafuatwa na vijana, kila mmoja ana kitambulisho kilichofunikwa plastiki. Wengine ni waongozaji wazuri sana, wengine wameamka nacho asubuhi hiyo. Usikubaliane bei ukiwa na begi mgongoni. Nenda ukapate chumba, oga, kula, kisha nenda mwenyewe kwenye moja ya ofisi za utalii pale mjini, au muulize mwenye gesti yako. Muulize mwongozaji maswali matatu: tutalala wapi kila usiku, bei inajumuisha nini (kiingilio cha hifadhi, chakula, malazi, nauli ya kurudi), na mvua ikitukatisha itakuwaje. Anayejibu la tatu bila kubabaika amewahi kukatishwa na mvua, huyo ndiye unayemtaka. Andikiana naye. Niliwahi kulipia "kila kitu" kwa kijana mmoja, nikafika mlangoni mwa msitu nikaambiwa kiingilio hakimo.

Ukienda bila mwongozaji, lugha ndiyo ramani yako. Kiswahili kinaeleweka kila mahali, lakini wenyeji ni Wasambaa na Kisambaa chao kinaheshimika. "Onga maundo" ni salamu ya asubuhi, "onga mshi" ya mchana, "hongea" ni ahsante. Kwa mzee, shikamoo haijawahi kukosea. Unapouliza njia, usiseme "njia hii inakwenda Irente?" maana kwa upole utajibiwa ndiyo hata kama inakwenda Soni. Sema "naomba unielekeze njia ya Irente", umwache akunyooshee mkono mwenyewe. Uliza na mtu wa pili mbele kidogo.

SIKU YA KUPASHA MIGUU: IRENTE

Usianze na msitu mkubwa. Anza na Irente, ujue mapafu yako yanasemaje.

Toka mjini saa nane mchana au mapema asubuhi. Fuata barabara ya vumbi ya Irente, inayopanda taratibu kati ya nyumba, migomba, mikaratusi na vishamba vya kabichi. Ni njia ya magari, kwa hiyo kupotea ni vigumu, ila kuna vijia vya mkato ambavyo watoto wa shule watakuonyesha kwa furaha. Kabla ya ukingoni utafika kwenye hifadhi ya Irente, shamba la Kanisa la Kilutheri ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa jibini, jemu na mkate mzito wa ngano nyeusi. Agiza chakula cha mchana, ukae chini ya mti. Mimi si mtu wa jibini, lakini ile ya pale, na mkate ule, baada ya kupanda saa nzima, naila.

Endelea hadi ukingoni, ambako utalipa kiingilio kidogo. Hapo ardhi inaisha ghafla. Chini yako, karibu mita elfu moja, kuna tambarare ya nyika: Mombo, barabara kuu ya kwenda Moshi, mistari ya mkonge, na malori madogo kama siafu. Kuna upepo unaopanda kutoka chini ukiwa na joto la bonde, unakupiga usoni huku mgongo ukiwa bado na baridi ya mlima. Usikaribie mwisho wa mwamba kwa ajili ya picha. Mawe mengine yana utelezi wa ukungu hata siku ya jua, na hakuna uzio wa kukudaka.

Ukija kutazama jua likizama, panga mapema utakavyorudi. Machweo ni kama saa kumi na mbili unusu, na ukitoka pale saa moja usiku utarudi gizani kwa saa nzima na zaidi. Aliye na tochi atembee, asiyekuwa nayo aite bodaboda mapema, kabla madereva hawajaenda kula. Kurudi kwa njia ya kijiji cha Yogoi kunafanya mzunguko mzuri badala ya kukanyaga vumbi lilelile.

MAGAMBA: SIKU YA MSITU

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Vilele vyake vinapita mita 2,200. Panda haisi au bodaboda kutoka Lushoto hadi Magamba, kama kilomita nane juu, uokoe miguu kwa ajili ya msitu wenyewe. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki, si mkononi. Kwa hiyo weka salio kwenye simu tangu mjini, maana kule kwenye miti mtandao una tabia zake.

Tenga saa nne hadi sita, kulingana na njia mtakayochagua na ofisi. Humo ndani mwanga ni wa kijani, unyevu unadondoka kwenye kuvumwani, na utasikia mbega kabla hujawaona: mngurumo kama wa pikipiki inayokataa kuwaka. Tazama juu kwenye matawi yanayotikisika bila upepo. Vinyonga wa huku, dume mwenye pembe mbili puani, hawataki haraka. Mtembee polepole au mtawapita wote. Mwongozaji mzuri humwona kinyonga mahali ambapo wewe unaona jani. Miti mikubwa ya mkulo, ile yenye harufu ya kafuri gome likikwanguliwa, ilikatwa sana zamani, iliyobaki inastahili kusimamiwa dakika mbili. Utaonyeshwa pia mapango yanayosemwa kuwa Wajerumani waliyachimba wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Tatizo la msitu si nyoka, ni siafu. Wakivuka njia, usisimame kuwashangaa, ruka, songa mbele, ndipo ujikague. Chomeka suruali ndani ya soksi hata kama unaonekana mshamba. Usishike kila jani, upupu haubagui mgeni.

Kama mna nguvu bado, maporomoko ya Mkuzi upande wa Migambo ni nyongeza nzuri. Wengine hupenda kushuka kwa miguu hadi Lushoto mjini. Ni mteremko mtupu, na magoti ndiyo hulipa.

UPANDE WA SONI, KWA UFUPI

Soni ni mji mdogo katikati ya njia ya Mombo. Una maporomoko karibu kabisa na barabara na mlima wa Kwa Mungu juu yake, wa kupanda asubuhi moja. Anayependa utulivu afike Sakharani, misheni ya Wabenediktini yenye mizabibu na makadamia. Msitu wa Mazumbai, unaomilikiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, uko mbele zaidi kupitia Bumbuli. Huo ni wa wapenzi wa miti na ndege, na ruhusa yake itafutwe mapema, si mlangoni.

LUSHOTO HADI MTAE: SIKU TATU NA ASUBUHI MOJA

Hii ndiyo safari yenyewe. Mengine yote ni mazoezi.

Siku ya kwanza mnapita msitu wa Magamba, mnatokea upande wa pili na kuishia Lukozi. Ni saa tano au sita za kutembea. Ghafla miti inaisha na unakuta mlima umegeuzwa bustani: viazi, karoti, kabichi, pilipili hoho, mstari kwa mstari hadi mahali ambapo unajiuliza mtu analimaje bila kujifunga kamba. Lukozi ni soko kubwa la mboga. Jioni Fuso zinapakiwa kwa ajili ya Dar, na kelele za wapakizi zitakuwa wimbo wako wa kulalia. Gesti ni za kawaida. Omba maji ya moto ya kuogea mara tu unapofika, maana yanachemshwa kwa kuni na wewe si mgeni peke yako.

Siku ya pili, Lukozi hadi Rangwi, ni ya mashamba na vijiji. Hapa ndipo hesabu ya mabonde inapokuja. Kwenye ramani ni karibu, kwa macho ni karibu zaidi, unaona kabisa paa za upande wa pili na unaweza kumsikia mtu akiita mbuzi. Lakini kati yenu kuna bonde. Unashuka nusu saa, unavuka kijito kwenye gogo, unapanda saa nzima. Kisha unagundua zile paa hazikuwa Rangwi. Kanuni yangu: kila bonde ni saa moja na nusu, pamoja na kupumzika na kusalimiana. Usikate salamu ili kuokoa muda. Mtu anayepita kimyakimya karibu na nyumba za watu huku huonekana ana lake jambo.

Misitu midogo utakayoiona imesimama peke yake katikati ya mashamba, haijakatwa hata kuni, huenda ikawa fighi, misitu ya matambiko ya koo za Kisambaa. Usiingie kujisaidia humo. Muulize mwongozaji.

Rangwi mnalala kwa masista. Piga simu au mtume mwongozaji apige siku moja kabla. Nyumba ya watawa ni nyumba ya sala: fikeni kabla ya giza, vaeni nguo za heshima mezani, na kelele za spika ya simu ziacheni Lukozi. Chakula ni cha kushiba, na kitanda kitakuwa safi kuliko vyote mtakavyolalia safarini.

Siku ya tatu ndiyo ndefu, saa sita hadi saba, upande wa msitu wa Shagayu, mkielekea kaskazini kwenye ncha ya milima. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Mtae yenyewe imekaa juu ya mgongo wa mlima kama mtu aliyepanda punda: mguu mmoja huku, mwingine kule, na pande zote mbili ni shimo. Upande mmoja kuna tambarare ya Mkomazi na milima ya Upare. Hewa ikiwa safi, asubuhi mapema, Kilimanjaro hutokea mbali juu ya mawingu. Sitakuahidi. Nimefika mara tatu, nimeuona mara moja. Kwenye kijiji cha Mambo, jirani hapo, pana ukingo wa kutazamia wenye mandhari kama hiyohiyo na utulivu zaidi, kama miguu bado inakubali.

Wengine hupenda kupitia Mlalo badala ya Rangwi. Mlalo ni mji wa zamani, misheni yake ya Kilutheri ilianza mwaka 1891. Ukipita mabonde yake utaona matuta ya ngazi. Yana kisa: baada ya mwaka 1946 serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu wa huku kulima kwa matuta, kwa amri na faini, na wakulima wakaikataa kazi hiyo mpaka mpango ukavunjika. Muulize mzee yeyote, kaa chini, usiwe na haraka.

BAISKELI

Baiskeli za gia hukodishwa kupitia ofisi za waongozaji mjini. Nyingi zimezeeka kwa kazi. Usilipe kabla hujaikagua hivi: igeuze kichwa chini, zungusha gurudumu, tazama kama linayumba na kama linagusa breki. Bana breki kwa nguvu, sukuma. Gurudumu likisogea, raba za breki zimekwisha. Pitisha gia zote, kuanzia kubwa hadi ndogo, cheni isiruke. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Kisha dai pampu, viraka, solusheni na tyubu ya akiba, hata wakikuambia "huku hakuna miiba". Mimi niliamini maneno ya mwenye baiskeli kuhusu breki, nikashuka mlima mmoja nikiburuza soli, na viatu vile nilikuwa nimevinunua mwezi huohuo.

Njia ya kwanza ni ileile ya Irente, kwenda na kurudi, asubuhi moja. Itakufundisha kitu kimoja: shuka kwenye gia ndogo kabla mwinuko haujaanza. Ukisubiri mpaka umekwama katikati, unakanyaga kwa nguvu zote ndipo unabadilisha, cheni itatoka na utaanguka ubavu mbele ya watoto.

Njia ya pili ni ya raha: Lushoto, Soni, Mombo, lami yote, kushuka karibu mita elfu moja. Toka saa moja asubuhi, kabla malori hayajachangamka. Shusha kiti kidogo. Usishikilie breki moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, achia, na punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kaa kushoto hata kona ikikuita kulia, kwa sababu Fuso inayopanda huchukua barabara nzima na dereva wake hakutarajii. Kila baada ya dakika kumi na tano simama, gusa rimu, tazama maporomoko, vua sweta. Ukifika Mombo utakuwa umebaki na fulana. Baiskeli hurudi mlimani juu ya keria ya haisi. Patana na kondakta kabla haijapandishwa, na ifunge mwenyewe.

Njia ya tatu ni ya waliozoea: Lushoto, Magamba, Malindi, Lukozi, kisha Mlalo au Mtae, siku mbili kwa uchache. Baada ya Magamba usitegemee lami. Vumbi la kiangazi huficha mashimo, na mvua ikinyesha tope hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome. Likigoma, usilazimishe. Okota kijiti, kwangua, beba. Mafundi baiskeli wako kwenye kila soko, wanaweza kunyoosha rimu kwa nyundo na jicho, lakini sehemu za gia za kisasa hawana. Cheni ya akiba utaishukuru. Kutoka Mlalo kuna barabara inayodondoka hadi Mng'aro, chini kwenye joto la nyika. Ni mteremko mkali mno wa mawe, na kama breki zako zilikuwa na walakini Lushoto, usiende kuzijaribia hapo. Ukilala huko chini, lala kwenye chandarua.

KURUDI

Basi la kutoka Mtae huondoka alfajiri, saa kumi au kumi na moja, gizani. Jioni yake mtafute kondakta, mwambie unalala wapi, lipia kiti. Vaa kila ulichonacho, maana madirisha mengine hayafungi. Utapita Lukozi kukiwa bado giza na watu wameshaamka kitambo, na Lushoto mtafika asubuhi yenye jua.

Kama unaendelea hadi Dar siku hiyohiyo, karoti na plamu zinunue Lushoto sokoni au Soni dirishani. Ukingoja mpaka Mombo, utanunua zilezile, zimeshuka mlima na bei imepanda.